Pesa ya Intaneti ya Shule Inatoka Mfukoni mwa Mfanyakazi



Tunapotaja intaneti katika mikutano ya matawi, wengi husema, "Hilo ni jambo la watu wa ofisini. Sisi tuongee mshahara, nyumba na dawa." Ni kweli, mshahara ndio wa kwanza. Lakini liko jambo moja ambalo inafaa kila mwanachama alijue, awe mchuma chai, mkata miwa au mwendesha mashine kiwandani. Serikali ya Uganda ina mfuko wa kupeleka simu na intaneti mahali ambapo makampuni hayaendi kwa hiari yao, na shule zimo katika kazi ya mfuko huo. Fedha zake hazikuanguka kutoka mbinguni. Zinatoka katika mapato ya makampuni ya simu, na mapato ya makampuni ya simu yanatoka kwako na kwangu.

Mtu akijua kwamba ametoa, anajua pia kwamba ana haki ya kuuliza. Hilo ndilo nataka tulizungumze leo.

MFUKO ULIANZAJE

Zamani simu zote za Uganda zilikuwa mikononi mwa shirika moja la serikali la posta na simu. Mwaka 1997 Bunge lilipitisha Sheria ya Mawasiliano. Shirika lile likagawanywa, na ikaundwa Tume ya Mawasiliano ya Uganda, inayojulikana kwa herufi UCC, iwe msimamizi wa makampuni yote ya simu.

Waliotunga sheria walijua tabia ya mfanyabiashara. Kampuni itajenga mnara Kampala, Jinja na Mbarara, kwa kuwa wateja ni wengi na barabara ni nzuri. Haitakimbilia kijiji cha mlimani chenye nyumba mia mbili zisizo na umeme. Kwa hiyo ikaamuliwa uwepo mfuko. Sera yake ilitolewa mwaka 2001, na mwaka 2003 Mfuko wa Maendeleo ya Mawasiliano Vijijini, RCDF, ukaanza kazi. Kila kampuni yenye leseni ilitakiwa kutoa asilimia 1 ya mapato yake ya mwaka. Angalieni neno hilo vizuri: mapato, wala si faida. Hata kampuni ikisema mwaka huu imepata hasara, mchango ulidaiwa vile vile. Baadaye mfuko ulipewa jina jipya, na sasa unajulikana kwa herufi UCUSAF, lakini kazi yake ni ile ile.

Sheria haikumtoza mteja moja kwa moja, iliitoza kampuni. Lakini kampuni ya simu hailimi mahindi wala haichimbi dhahabu. Kila shilingi inayoitoa imetoka kwa mtu aliyeweka pesa katika simu yake.

Tufanye hesabu ndogo, kwa mfano tu. Tuchukue shamba lenye wafanyakazi 3,000, na kila mmoja anaweka shilingi 15,000 katika simu yake kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 45,000,000 kwa mwezi, au 540,000,000 kwa mwaka. Asilimia 1 yake ni shilingi 5,400,000. Hata tukiondoa kodi zilizomo ndani ya bei, bado shamba moja limechangia mamilioni kwa mwaka bila mtu yeyote kupewa risiti wala kuambiwa asante. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Kibaba hiki tumekijaza sisi.

KWA NINI SHULE NA MAKTABA

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini fedha ziende shuleni na katika maktaba, zisipewe kila mtu katika simu yake? Jibu liko katika namna intaneti inavyotufikia.

Kabla ya mwaka 2009 Afrika ya Mashariki ilitegemea setilaiti, na bei ilikuwa ya kutisha. Mwaka huo mikongo ya baharini ilifika pwani yetu. Mkongo ni waya mnene unaolazwa chini ya bahari na kupitisha habari kwa mwanga. SEACOM ulianza kazi Julai 2009, na TEAMS ulifika Mombasa mwaka huo huo kutoka Fujairah katika Ghuba. Uganda haina bahari, kwa hiyo habari hupita nchi kavu kutoka pwani hadi mpakani, kisha hadi mijini, kisha hadi kwenye mnara ulio karibu na kambi. Katika kila hatua yuko mwenye njia anayedai malipo yake.

Gharama kubwa ni kuijenga njia. Njia ikisha kujengwa, watu mia moja wakiitumia haigharimu mara mia ya mtu mmoja. Ni kama sukari. Anayenunua gunia hulipa bei ndogo kwa kila kilo, lakini mfanyakazi hana pesa ya gunia, hununua ya kupimiwa katika duka la kambini, tena kwa bei ya juu. Data ya simu tunainunua hivyo hivyo, ya shilingi mia tano leo na ya elfu moja kesho. Mwenye pesa kidogo ndiye anayeuziwa kwa bei kubwa kuliko wote.

Laini moja ya shule au ya maktaba ndiyo gunia letu. Watoto mia tatu wanaweza kuitumia kwa zamu, na jioni wazazi wao wakaingia kusoma sheria ya kazi, bei ya mazao au fomu za serikali. Gharama ikigawanywa kwa watu wengi hivyo, kila mmoja anabeba kidogo.

Jambo hili si la kubahatisha, limekwisha kujaribiwa hapa hapa Uganda. Miaka ya mwisho ya 1990, huko Nakaseke, kaskazini ya Kampala, kilifunguliwa kituo kilichoweka simu, kompyuta na maktaba chini ya paa moja, kwa msaada wa mashirika ya kimataifa kama UNESCO na ITU na shirika la Kanada la IDRC. Waliotumia hawakuwa wanafunzi tu. Ilitengenezwa hata sahani ya kompyuta yenye picha na sauti, kwa Kiluganda na Kiingereza, ikawafundisha kina mama wa kijijini njia za kujipatia kipato, hata yule asiyejua kusoma. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba kompyuta ni ya waliosoma peke yao.

MIEZI ILE YA SHULE KUFUNGWA

Kama yuko aliyekuwa bado na shaka, ugonjwa wa korona ulimwonyesha. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020. Madarasa machache yalirudi kwa muda, lakini shule zote hazikufunguliwa mpaka tarehe 10 Januari 2022. Hiyo ni karibu miezi 22, muda mrefu kuliko nchi yoyote duniani. Watoto wapatao milioni 15 waliguswa.

Wakati ule masomo yalitolewa kwa redio, televisheni, magazeti na intaneti. Watoto wa wenye uwezo mijini waliendelea kusoma na walimu wao kwa kompyuta. Je, wa kwetu? Nilikuwa nikizunguka matawi katika miezi ile, na niliyoyaona mliyaona nyinyi pia. Vijana wa miaka kumi na mitatu walikuwa mashambani wakikata nyasi na kubeba majani ya chai. Wasichana wengine walipata mimba, na shule zilipofunguliwa hawakurudi. Mama mmoja mchuma chai aliniambia, "Ndugu katibu, mwalimu ametuma masomo katika simu. Simu ni ya baba yao, naye yuko nayo kazini mpaka jioni. Akirudi hakuna data." Mama huyo hakuwa mzembe wala hakudharau elimu. Alikosa laini ya bei nafuu karibu na nyumba yake, basi.

Tukumbuke pia mambo ya kodi. Tangu Julai 2018 mtu alilipa shilingi 200 kwa siku ili aruhusiwe kutumia mitandao ya kuongea na watu. Kwa siku 30 hiyo ni shilingi 6,000. Kiasi hicho ni sawasawa na kima cha chini cha mshahara wa mwezi mzima kilichowekwa na serikali mwaka 1984. Mswada wa kubadili utaratibu wa kima hicho ulipitishwa na Bunge mwaka 2019, lakini Rais hakuutia sahihi. Basi kima cha 1984 kwa mwezi kingetosha kulipia kodi ile ya simu na kisibaki hata senti ya chumvi.

Julai 2021 kodi hiyo ya siku ikaondolewa, na mahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Sheria iliacha nje data ya huduma za elimu na za matibabu. Hilo ni jema. Lakini mzazi anayenunua data ya kawaida dukani hana njia ya kumwonyesha muuzaji kwamba hii ni ya mtoto kusomea. Anatozwa kama wengine. Msamaha huo unaweza kumfaa mtoto wake pale tu penye shule yenye laini yake. Shule isiyo na laini haina cha kusamehewa.

FEDHA ZIMEFIKA WAPI

Haki tuiseme. Mfuko huu umefanya kazi. Ulisaidia kupeleka intaneti katika miji ya wilaya, simu za kulipia vijijini, na vituo vya kufundishia kompyuta. Mamia ya shule za sekondari za serikali yamepewa vyumba vya kompyuta. Wako watoto wa wakulima waliogusa kompyuta kwa mara ya kwanza katika vyumba hivyo. Na mahitaji yameongezeka, kwa kuwa mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, unamtaka mwanafunzi atafute habari mwenyewe na afanye miradi, si kukariri maneno ya mwalimu tu. Mtoto asiye na mahali pa kutafutia habari anaanza mbio akiwa amefungwa mguu mmoja.

Lakini tazameni maneno yale: sekondari, za serikali. Watoto wetu wengi wako wapi? Wako shule za msingi, na katika mashamba makubwa shule hizo mara nyingi ni za mwajiri. Wengi hawavuki darasa la saba. Kwa hiyo mfuko uliojazwa na pesa ya mkata miwa unapita juu ya kichwa cha mtoto wa mkata miwa, unakwenda kutua mahali ambapo mtoto huyo huenda asifike kamwe. Si lazima kuwe na mtu aliyekusudia ubaya. Ni utaratibu uliopangwa bila sisi kuwapo mezani.

Jambo la pili ni vyumba vilivyofungwa. Katika kuzunguka kwangu nimeonyeshwa chumba cha kompyuta chenye kufuli kubwa mlangoni. Ndani mashine zimefunikwa vitambaa vizuri vilivyoshonwa kwa mkono, kama makochi ya bibi harusi. Nikauliza, watoto wanaingia siku gani? Nikajibiwa kwamba umeme ulikatwa kwa deni, mwalimu aliyejua kompyuta alihamishwa, na laini ililipiwa kwa muda tu, muda ulipokwisha hakuna aliyelipa.

Hayo ndiyo mambo matatu tunayopaswa kuyashika: umeme, mwalimu, na bili ya kila mwezi. Kompyuta hununuliwa mara moja, na siku hiyo wakubwa huja kupiga picha. Bili ya mwezi haina sherehe. Lakini bila bili hiyo kompyuta ni sanduku. Mimi naona shule yenye mashine tano zinazofanya kazi mwaka mzima imepata zaidi kuliko shule yenye arobaini zilizolala.

WENZETU WA MAREKANI

Inafaa tutazame pia walivyofanya wengine. Tanzania na Kenya nazo zina mifuko ya namna hii. Wa Tanzania uliundwa kwa sheria ya mwaka 2006, na wa Kenya hupata asilimia 0.5 ya mapato ya makampuni. Lakini leo nataka niwaeleze mpango wa Marekani, kwa sababu una umri mrefu na umekwisha kupita katika mitihani mingi. Wao wana utajiri ambao sisi hatuna, hilo linajulikana. Ninachotaka tukitazame ni utaratibu wao.

Tarehe 8 Februari 1996 Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria mpya ya mawasiliano. Ndani yake kilikuwamo kifungu kilichopiganiwa na maseneta wa vyama viwili vinavyoshindana, Olympia Snowe na Jay Rockefeller, na wenzao. Kifungu hicho kilitaja shule na maktaba kwa jina, kikasema lazima zipate mawasiliano kwa bei iliyopunguzwa. Mpango huo unaitwa E-Rate. Fedha zake, kama za kwetu, hutoka kwa makampuni ya simu, nayo makampuni huongeza kiasi hicho katika bili za wateja. Mwanzoni kikomo kiliwekwa dola bilioni 2.25 kwa mwaka. Mwaka 2014 kikapandishwa hadi dola bilioni 3.9.

Sasa sikilizeni jinsi wanavyogawa. Shule haipewi zawadi, inapunguziwa bei. Punguzo linaanza asilimia 20 na kufika asilimia 90. Nani anapata 90? Ile shule yenye watoto wengi maskini. Umaskini wanaupima kwa njia nyepesi: wanahesabu watoto wangapi wana haki ya kupata chakula cha mchana cha shule bure au kwa bei ndogo. Shule za vijijini zinaweza kuongezewa kidogo. Kwa hiyo bili ikiwa dola 100, shule ya matajiri inaweza kulipa 80, na shule ya maskini kabisa inalipa 10. Hakuna haja ya kumjua mkubwa fulani. Hesabu ya sahani za chakula ndiyo inayosema.

Kadhalika, shule haikubaliwi kumchagua muuzaji gizani. Lazima itangaze inachohitaji, ingoje siku zisizopungua 28, ipokee bei za makampuni mbalimbali, na katika kuchagua bei ndiyo izingatiwe kwanza.

Matokeo yalionekana. Mwaka 1994, kabla ya mpango huo, shule za serikali zenye intaneti zilikuwa asilimia 35, na vyumba vya kufundishia vyenye intaneti vilikuwa asilimia 3 tu. Mwaka 2005 karibu shule zote zilikuwa nayo, na vyumba vilifika asilimia 94. Si E-Rate peke yake iliyofanya hayo, kwani hata majimbo na wilaya zilitoa fedha. Lakini shule maskini zisingefika hapo kwa bei ya soko.

Wizi nao ulikuwapo. Mwaka 2004 kampuni iitwayo NEC-Business Network Solutions ilikiri mahakamani makosa ya udanganyifu na kupanga bei katika mpango huo, ikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 20. Penye asali hapakosi nyuki, na penye mfuko hapakosi mkono mrefu. Lakini mkono huo ulionekana kwa sababu karatasi zilikuwapo: nani aliomba, nani aliuza, kwa bei gani. Sisi tuna methali inayosema mali bila daftari huisha bila habari. Wao waliweka daftari.

Mwisho, wameona kwamba haki iliyopatikana huweza kuondolewa. Wapinzani walikwenda mahakamani wakidai mfuko wote unaolipia E-Rate ni kinyume cha katiba. Tarehe 27 Juni 2025 Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile iliukubali mfuko kwa majaji 6 dhidi ya 3. Lakini mwaka huo huo jambo jingine lilipotea. Julai 2024 tume yao ya mawasiliano ilikuwa imeruhusu fedha zitumike kwa vifaa vidogo vya intaneti, ambavyo shule na maktaba zingewaazima watu kwenda navyo nyumbani. Septemba 2025 tume ile ile, wakubwa wakiwa wamebadilika, ikafuta ruhusa hiyo. Mlio katika vyama vya wafanyakazi mnalijua jambo hili. Mkataba usiolindwa huliwa na mchwa.

TUFANYE NINI SISI

Kwanza, tusingoje. Ofisi za mfuko ziko Kampala, na mtu aliye Kampala hawezi kujua kwamba shule yenu ina watoto 900 na haina hata mashine moja, mpaka mmwambie. Kila kamati ya tawi iandike barua fupi. Isimame juu ya mambo yanayohesabika: idadi ya watoto, umbali wa nguzo ya umeme iliyo karibu, walimu wangapi wanajua kompyuta, na sekondari ya karibu iko umbali gani. Barua ipitie kwa mwalimu mkuu na ofisi ya elimu ya wilaya, na nakala ibaki katika jalada la tawi.

Pili, tuulize. Maswali yenyewe si magumu:

1. Katika wilaya yetu, ni shule zipi zimepata msaada wa mfuko, na mwaka gani?

2. Katika hizo, vyumba vingapi bado vinafanya kazi leo?

3. Nani analipa bili ya mwezi, na fedha hizo zimewekwa mpaka lini?

4. Ni kwa kipimo gani shule huchaguliwa, na umaskini wa watoto umehesabiwa?

5. Shule ya msingi iliyo ndani ya shamba, ambayo si ya serikali lakini watoto wake ni wa wafanyakazi, inaweza kuombewa kwa njia gani?

Bunge limempa kila raia wa Uganda haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali, kwa sheria ya mwaka 2005. Kuuliza si ukorofi wala si siasa. Ni kutumia sheria.

Tatu, mwajiri naye ana sehemu yake. Mashamba na viwanda vingi vina laini nzuri ya intaneti ofisini kwa ajili ya hesabu na mauzo. Tunapokaa kufanya mapatano ya mkataba wa hali bora ya kazi, kuna ubaya gani kudai kwamba laini hiyo ivutwe hadi shuleni na kwenye chumba cha kusomea cha wafanyakazi, na umeme wake ulipwe na kampuni? Mwajiri hapotezi mengi, kwa kuwa laini yake usiku na Jumapili hulala. Naye atapata vijana wanaojua kusoma mashine mpya zinazoletwa. Lakini neno hilo liandikwe katika mkataba. Ahadi ya mdomo huondoka pamoja na meneja.

Nne, tuvilinde vitu vyetu. Chumba kikipatikana, tawi liteue wazazi wawili, mama mmoja na baba mmoja, wakae katika kamati yake. Kila mwezi wasome mita ya umeme, waone bili, na waandike katika daftari ni watoto wangapi waliingia. Ufunguo usikae kwa mtu mmoja. Na jioni chumba kifunguliwe kwa watu wazima, maana mfanyakazi anayeweza kujisomea mwenyewe Sheria ya Ajira hadanganywi ovyo na nyapara.

Wako watakaosema kwamba hii ni anasa wakati vyoo vya kambi vimejaa. Mimi sisemi tuache vyoo. Tutadai vyoo na laini pia, kwa sababu pesa hizi si zile za vyoo. Zimekwisha kukusanywa kwa kazi ya mawasiliano, na tusipoziomba sisi zitakwenda kwa waliozoea kuomba. Tofauti kati ya shule iliyopata na iliyokosa mara nyingi ni barua tu.

Basi katika mkutano ujao wa tawi, mwenyekiti aliweke jambo hili katika ajenda baada ya mshahara. Asome maswali yale matano kwa sauti, kwa lugha inayosikika na wote, na wanachama wachague mtu wa kuyapeleka wilayani. Majibu yakija, yaletwe mkutanoni yakasomwe mbele ya wote. Yasipokuja, tuandike tena, na nakala ipelekwe makao makuu ya chama.